Carl Barks: Mchoraji wa bata aliyefanya kazi miaka 18 bila wasomaji kulijua jina lake

WATOTO wa Marekani waliosoma vitabu vya katuni katika miaka ya 1940 na 1950 hawakulijua jina lake, lakini waliujua mkono wake. Kila mwezi walipolipa senti 10 na kufungua toleo jipya la Walt Disney's Comics and Stories, walikimbilia hadithi ya kurasa 10 ya Donald Duck, na kwa kutazama macho na mdomo wa bata huyo walitambua mara moja kama amechorwa na fundi wao au na mtu mwingine.

Kwa kuwa hawakuwa na jina la kumwita, baadhi yao walimwita tu mchoraji mzuri wa bata. Jina lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa moja, la Walt Disney, ambaye hakuwa amechora hata ukurasa mmoja wa hadithi hizo.

Fundi huyo ni Carl Barks, mtu aliyeubuni mji wa Duckburg na tajiri bahili Scrooge McDuck, na ambaye hii leo majarida yake ya zamani husakwa na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya kama watu wanavyosaka vito.

Barks alizaliwa Machi 27, 1901 katika eneo la mashamba ya ngano karibu na mji mdogo wa Merrill, jimbo la Oregon, akiwa mtoto wa pili wa William Barks na mkewe Arminta. Shule yake ilikuwa na wanafunzi wachache, majirani walikuwa mbali, na mtoto huyo alizoea kukaa peke yake. Upweke huo ulizidi baada ya masikio yake kuanza kupoteza uwezo wa kusikia, tatizo ambalo hakupona hadi mwisho wa maisha yake.

Mama yake alifariki dunia mwaka 1916, na kijana huyo akaachana na shule. Elimu pekee ya uchoraji aliyoipata ilikuwa masomo machache ya kozi ya posta, ambayo hata hivyo hakuimaliza kwa sababu kazi za shamba zilimbana.

Miaka iliyofuata aliishi kwa kubahatisha. Alilima, alikata magogo, aliswaga nyumbu, alichunga ng'ombe, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji na kisha katika karakana ya mabehewa ya reli huko Roseville, California. Alioa mwaka 1921, akapata mabinti wawili, na ndoa hiyo ikavunjika kabla hajafikisha umri wa miaka 30. Mashabiki wake wanaamini kwamba humo ndimo alimotoka Donald wake, bata anayeanza kazi mpya kila hadithi kwa majigambo na kufukuzwa kabla ukurasa wa 10 haujafika.

Uchoraji ulimpatia riziki kwa mara ya kwanza huko Minneapolis, katika jarida la vichekesho vya watu wazima lililoitwa Calgary Eye-Opener. Mwaka 1935 aliomba kazi katika studio ya Disney, Los Angeles, akaajiriwa kwa mshahara wa dola 20 kwa wiki, kiwango cha chini kuliko alichokuwa akikipata.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kuchosha: kuchora picha za katikati, zile zinazounganisha mwendo mmoja wa mhusika na mwingine katika filamu. Aliokolewa na kichekesho kimoja. Alibuni kiti cha kinyozi kinachojiendesha ambacho kinamgeuza Donald juu chini na kumnyoa mkia badala ya kichwa. Studio ilikipenda, ikakitumia katika filamu fupi ya Modern Inventions ya mwaka 1937, na Barks akahamishiwa idara ya hadithi.

Mwaka 1942, yeye na mwenzake Jack Hannah waligawana kurasa za kitabu cha katuni kilichoitwa Donald Duck Finds Pirate Gold, kilichotokana na filamu ambayo haikutengenezwa. Mwaka huohuo Barks aliondoka studio. Hewa ya viyoyozi ilimletea maradhi ya pua, na filamu za propaganda za vita hazikumvutia. Alihamia sehemu kavu ya California karibu na San Jacinto kwa nia ya kufuga kuku, na ili kujikimu aliomba kuchora katuni kwa kampuni ya Western Publishing, iliyokuwa na leseni ya kuchapa vitabu vya Disney.

Kampuni ilimtumia hadithi ya Donald akilima bustani na kupambana na kunguru, ikamruhusu kuirekebisha apendavyo. Ilichapishwa Aprili 1943, na Barks alilipwa dola 12 na nusu kwa kila ukurasa aliochora. Kuanzia hapo aliandika na kuchora mwenyewe, akiwa nyumbani, kwa zaidi ya miaka 20.

Donald wa filamu alikuwa bata wa hasira na sauti isiyoeleweka. Mikononi mwa Barks alipata mji wa kuishi, madeni, majirani wakorofi na wapwa watatu wenye akili kumzidi. Binamu yake Gladstone, anayeokota bahati barabarani bila kufanya kazi, alizaliwa mwaka 1948. Genge la wezi la Beagle Boys lilifuata mwaka 1951, na mvumbuzi Gyro Gearloose mwaka 1952.

Scrooge mwenyewe alitokea Desemba 1947 katika hadithi ya Krismasi, Christmas on Bear Mountain, akiwa mzee mwenye chuki na kila mtu. Alikusudiwa kutumika mara moja tu. Kwa Kiswahili uhusiano wake na Donald unaeleweka vizuri kuliko kwa Kiingereza, kwani Barks alimfanya kuwa kaka wa mama yake Donald, yaani mjomba hasa, na Donald naye ni mjomba wa wale watoto watatu.

Barks alimrudisha mzee huyo mara kwa mara, na kila aliporudi alikuwa na utu zaidi. Machi 1952 alipewa kitabu chake mwenyewe, na hadithi ya kwanza humo, Only a Poor Old Man, ndiyo ambayo wengi huiweka juu ya orodha zao. Ndani yake Scrooge anaogelea katika fedha zake kama pomboo, na anamweleza mpwa wake kwamba kila sarafu ina kumbukumbu ya mahali alipoivujia jasho.

Wakati akiandika hadithi hiyo, mwandishi wake hakuwa na kitu. Ndoa yake ya pili, iliyoharibiwa na ulevi wa mkewe, ilikuwa imeishia kwa talaka mwaka 1951, na Barks alitoka na mablanketi mawili, nguo zake, ubao wa kuchorea na majarida yake ya National Geographic. Katika kipindi hicho pia aliandika A Christmas for Shacktown, kuhusu watoto wa kitongoji cha mabanda wanaotafutiwa reli ya kuchezea, hadithi ambayo baadhi ya wasomaji wanaipenda kuliko zote.

Majarida hayo ya National Geographic ndiyo yaliyokuwa macho yake. Hakuwa amesafiri nje ya Amerika Kaskazini, lakini bata wake walifika milima ya Andes kusaka mayai ya pembe nne katika Lost in the Andes ya mwaka 1949, wakafika Klondike kulikochimbwa dhahabu, na mwaka 1954 wakaingia katika miji ya kale ya Cibola, ambako sanamu ya thamani inaachia jiwe kubwa la mviringo. Watengenezaji filamu George Lucas na Steven Spielberg, waliokua wakisoma vitabu hivyo, wamekiri deni lao kwa Barks, na jiwe la aina hiyo lilionekana mwanzoni mwa filamu ya Raiders of the Lost Ark mwaka 1981.

Ipo pia hadithi fupi ya Mei 1949 ambamo Donald na wapwa zake wanainua mashua iliyozama kwa kuijaza mipira ya mpira wa meza. Mwaka 1964 meli ya mizigo Al Kuwait ilizama bandarini Kuwait ikiwa na maelfu ya kondoo, na mvumbuzi wa Denmark, Karl Krøyer, aliiinua kwa kusukuma ndani yake vipande vya plastiki vyepesi vilivyojaa hewa. Wapenzi wa katuni hawajaacha kuyaweka matukio hayo mawili pamoja.

Kuhusu uchumi, Barks alikuwa na ukali ambao mtu hautarajii katika kitabu cha watoto. Katika A Financial Fable ya mwaka 1951, kimbunga kinazisambaza fedha zote za Scrooge kwa wananchi, kila mtu anaacha kazi, na tajiri huyo anabaki shambani akilima. Baada ya muda mfupi wote wanakuja kununua kabeji kwa bei ya kutisha, na ghala la mzee linajaa tena.

Hata hivyo, zipo kurasa ambazo msomaji wa Afrika hawezi kuzipita bila kukunja uso. Katika Voodoo Hoodoo ya mwaka 1949 Waafrika wamechorwa kwa midomo minene na pete za pua, kwa mtindo wa dhihaka uliotawala magazeti ya Marekani wakati huo, na katika baadhi ya matoleo ya baadaye picha hizo zilirekebishwa. Cha ajabu ni kwamba hadithi hiyohiyo inaeleza wazi kuwa Scrooge aliwafukuza watu hao kwenye ardhi yao kwa kutumia wahuni wa kukodi, jambo ambalo Barks alilisahau miaka mitatu baadaye alipomfanya mzee wake kuwa mtu aliyechuma kwa haki.

Ariel Dorfman na Armand Mattelart walilishika suala hilo nchini Chile mwaka 1971, katika kitabu kilichodai kwamba katuni za Disney zinawafundisha watoto wa nchi masikini kuukubali ubeberu. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973, kitabu hicho kilichomwa moto.

Mwaka 1953 mauzo ya Walt Disney's Comics and Stories yalizidi nakala milioni 3 kwa mwezi. Pamoja na mafanikio hayo, Barks aliendelea kulipwa kwa ukurasa tu. Hakupata mgawo wowote wa mauzo, na hadithi zilipochapwa upya hakulipwa tena.

Wahariri nao walikata walipotaka. Hadithi moja aliyoikamilisha ilikataliwa na michoro yake ikapotea. Kurasa kadhaa za Back to the Klondike ya mwaka 1953, zenye ugomvi wa baa na mapenzi ya zamani ya Scrooge, ziliondolewa, na kama Barks asingezihifadhi mwenyewe zisingeonekana tena. Zilirejeshwa mahali pake mwaka 1981. Sehemu kubwa ya kurasa zake nyingine za asili ziliharibiwa na wachapaji baada ya kutumika.

Ndiyo maana kazi ya wakusanyaji ilikuwa nzito kuliko burudani ya kawaida. Mwaka 1960 shabiki mmoja kijana alifanikiwa kulipata jina la mchoraji na kumwandikia barua. Barks, aliyekuwa na umri wa miaka 59 na ambaye hakuwahi kupata barua ya msomaji aliyemsifu namna hiyo, alidhani rafiki yake anamfanyia utani. Barua nyingine zilifuata, wengine wakamtembelea, na polepole wakaanza kuorodhesha hadithi zake moja baada ya nyingine. Orodha hiyo ilizidi hadithi 500 na kurasa 6,000.

Barks alistaafu mwaka 1966. Mkewe wa tatu, Garé, ambaye alikuwa mchoraji wa mandhari na aliyekuwa akimsaidia kuandika maneno na kujaza wino, alimtia moyo naye ashike brashi. Mwaka 1971 kampuni ya Disney ilimruhusu kuchora bata wake kwa rangi za mafuta. Picha za mwanzo ziliuzwa kwa dola mia na ushee, na ndani ya miaka mitano alichora zaidi ya 100. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 1976 baada ya mtu mwingine kuuza nakala za picha bila idhini, ikarejeshwa baadaye. Moja ya picha hizo, The Sport of Tycoons, iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 200,000.

Kati ya mwaka 1983 na 1990, kampuni ndogo ya mashabiki, Another Rainbow, ilichapa mkusanyiko wa hadithi zake katika majuzuu makubwa 30. Fantagraphics ya Seattle ilianza mkusanyiko mwingine mwaka 2011, wa bei inayobebeka, kwa wasomaji ambao hawawezi kununua toleo la mwaka 1952 lenye kurasa zilizogeuka manjano. Kwa wale wanaoweza, bei hutegemea hali ya karatasi, na toleo la kwanza la Scrooge lililotunzwa vizuri ni jambo la maelfu ya dola.

Garé alifariki dunia mwaka 1993. Mwaka uliofuata Barks, akiwa na umri wa miaka 93, alipanda ndege kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, akatembelea nchi 11 na kukuta foleni za watu wazima wenye vitabu vya utotoni mikononi.

Alifariki dunia Agosti 25, 2000 nyumbani kwake Grants Pass, Oregon, baada ya kuugua saratani ya damu, ikiwa imebaki miezi saba atimize miaka 100.