Bibi Salme na Jiko la Mtoni

Siku hizi, kila wanapokaa pamoja wazee wawili watatu wa pwani, iwe barazani Mombasa au Lamu, au katika vyumba vya Nairobi walikowafuata watoto wao, lawama moja haikosi kusikika: ati wanawake wa leo hawajui tena kupika. Nazi haikunwi kwa mbuzi, tui lanunuliwa likiwa katika pakiti. Thomu na tangawizi vyatoka chupani vimekwisha kusagwa. Manda za sambusa zatolewa katika friji la duka, zimebanana kama kurasa za daftari. Kinu kimegeuzwa kigoda, na kifumbu watoto hawakijui hata kwa jina.

Mwenye kutaka ushahidi wa lawama hii hupelekwa Kawangware, magharibi ya Nairobi, wakati jua linapokuchwa. Hapo kandokando ya barabara utaona sukuma wiki inakatwa mbele yako, nyembamba kama uzi, ikafungwa na kuuzwa. Maharagwe na githeri vimekwisha kuchemshwa, vyapimwa kwa mkebe. Chapati zimepangwa juu ya chapati, samaki wamekwisha kukaangwa, viazi vinachirizika mafuta. Mama apita na kikapu, anunua hiki na kile, na akifika nyumbani kazi yake ni kupasha moto na kutia kitunguu. Mgeni wa kutoka pwani hutikisa kichwa.

Walakini mgeni huyo angeamka alfajiri, angeona jambo jingine. Wengi katika akina mama hao hao hushika njia kwa miguu kuelekea Lavington, mtaa wa matajiri ulio jirani, na huko hushinda jikoni mwa watu. Hukanda unga, humenya, husaga, huoka, huchuja. Mapishi ya toka mwanzo wanayajua barabara, ila wayafanyayo si ya nyumba zao. Jioni wamerudi wamechoka, na maharagwe makavu yataka makaa ya saa mbili au tatu. Mama mmoja akichemsha sufuria kubwa kwa ajili ya majirani wote, gharama ya makaa yagawanyika. Anayeita hilo uvivu hajapata kununua makaa kwa mkebe.

Basi swali la kuuliza ni mikono ya nani ipikayo, na katika jiko la nani. Na katika historia ya pwani yetu sijui maisha yanayolijibu swali hilo kwa uwazi kama ya Bibi Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Unguja aliyekufa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Watu humtaja kwa ajili ya mapenzi yake na kutoroka kwake. Mimi nitamtaja zaidi kwa ajili ya sofra.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati na kukifanya kisiwa kuwa nchi ya karafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto akauzwa, akawa suria wa Sayyid. Katika jumba hilo walikaa watu wapatao 1,000, wake kwa watumwa, na lugha zilizosikika hazikuwa moja wala mbili. Mbele ya Sayyid kilisemwa Kiarabu tu. Alipogeuza uso kilianza Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na lugha nyinginezo. Na chakula vile vile kilifuata makabila ya watu: kilipikwa cha Kiarabu, na cha Kiajemi, na cha Kituruki.

Jiko lenyewe Bibi Salme alikuja kulieleza miaka mingi baadaye katika kitabu chake, na hasa lile la Bet el Sahel, jumba la baba yake la mjini. Lilikuwa uani, kelele tupu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walichinjwa hapo hapo na kuchunwa. Samaki waliletwa wakubwa hata wakahitaji watu wawili kuwabeba. Matunda yalikuja vikapu kwa vikapu vichwani mwa watumwa, na kwa kuwa vikapu vilibwagwa chini bila ya uangalifu, mengi yalipondeka kabla ya kuliwa. Wapishi wakuu waliamrisha, na kijana aliyezembea alipata kofi la sikio. Mtu aweza kukisia moshi, joto, na harufu ya samli iliyokwisha kupata moto.

Kisha chakula kilipandishwa juu, na huko mambo yalikuwa ya adabu na kimya. Sayyid alikaa kwenye kichwa cha sofra, na wanawe wakubwa kwa wadogo wakafuatana kwa kadiri ya umri. Milo ilikuwa miwili: wa asubuhi kiasi cha saa tatu, na wa alasiri kiasi cha saa kumi. Hapakuwa na porojo wakati wa kula. Na jambo moja msomaji asiliruke: masuria hawakukaa katika sofra hiyo, hata wale waliomzalia Sayyid watoto. Salme alikula na baba yake. Mama yake alikula kwingine. Kwa hiyo tangu utotoni aliona kwamba chakula kimoja chaweza kuwakusanya watu na kuwatenga papo hapo.

Binti huyu hakufundishwa kupika. Alifundishwa Kurani, na kushona, na kupanda farasi. Kuandika, ambako mabinti wa wakati ule hawakufundishwa, alijifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Hilo laonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Alitamani elimu aliyonyimwa, akaichukua. Jiko halikuwa miongoni mwa alivyovitamani, kwani binti wa Sultani hakuwa na haja nalo. Chakula kilikuja chenyewe, kama maji ya mtoni.

Ya baadaye nitayapita upesi, kwa sababu yanajulikana. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake mwaka 1859 katika maradhi ya kipindupindu. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 15, aliingizwa katika fitina ya nduguye Barghash dhidi ya nduguye Majid, akawa karani wa barua za siri kwa kuwa yeye alijua kuandika. Fitina ilishindwa. Baada ya hapo aliishi zaidi katika mashamba yake, kisha akarudi mjini, na katika nyumba ya jirani alikuwamo kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mambo yao yakajulikana, naye akawa mja mzito. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, na jina lake likawa Emily. Kwa tendo hilo alijitoa katika dini ya wazee wake, na kwa sheria akajitoa pia katika mirathi. Ndugu zake hawakumsamehe, na wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa tumtazame Hamburg. Mwanamke wa miaka 22, asiyejua Kijerumani, ametiwa katika nyumba ya matofali yenye madirisha yasiyofunguliwa wakati wa baridi. Jiko la huko ni la chuma, mpishi ni wa mshahara, vyakula vingi vina mafuta ya nguruwe ambayo moyo wake haukuyazoea. Hapana tui, hapana embe, hapana sofra. Watu hukaa vitini, kila mtu na sahani yake na kisu chake, nao huzungumza huku wanakula. Barua alizoziandika kwa rafiki wa nyumbani, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, zimejaa upweke wa namna hiyo: mambo madogo madogo ya kila siku, ambayo mtu hayajui kuwa ni mali mpaka ayakose.

Walipata watoto watatu kwa miaka mitatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Aprili 1870. Agosti 1870 mumewe alianguka katika tramu ya kukokotwa na farasi akafa. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi minne. Mali iliyobaki ilisimamiwa na watu wengine, akiba ikapungua mwaka hata mwaka, na mjane akahama mji hata mji kutafuta maisha ya bei nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln. Watumishi walipungua. Kazi za nyumba, alizokuwa akiziona zikifanywa na mamia ya watu, zikawa zake. Alifundisha Kiarabu kwa malipo, akarudi nyumbani kwa watoto waliokuwa wakingoja kula.

Hapa ndipo ninapomwona Bibi Salme sawa na mama wa Kawangware, ingawa mmoja alizaliwa kasri na mwingine hakulala kasri hata siku moja. Wote wawili wana saa chache, moto wa kununua, na watoto wenye njaa. Mtu aliyewaambia kwamba wameiacha sanaa ya mama zao angekuwa hajui asemalo. Mama yake Salme hakupika kwa sababu watumwa walipika. Salme alishika kazi za nyumba kwa sababu hapakuwa na mtumwa wala pesa. Mikono ndiyo iliyobadilika, kwa sababu mali na uwezo vilibadilika.

Mwaka 1886 alichapisha Berlin kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na miaka miwili baadaye zikatoka kwa Kiingereza. Ni kitabu cha thamani kubwa kwetu. Hapana mwingine aliyetuachia habari za ndani ya majumba yale: mavazi, ugonjwa na tiba, Ramadhani, sikukuu, na chakula. Yeye aliyenyimwa kalamu ndiye aliyetuokolea meza ya Mtoni isipotee.

Lakini kina pengo, na pengo hilo lanichoma zaidi kila nikisoma. Wapishi hawana majina. Tunajua samaki alibebwa na watu wawili. Hatujui hao wawili walikuwa nani. Tunajua kijana alipigwa kofi. Hatujui alitoka Nyasa, au Uzaramo, au wapi, wala kama alikuja kuwa mpishi mkuu. Tena Bibi Salme aliutetea utumwa katika kitabu hicho hicho, akiona kwamba Wazungu hawauelewi. Utetezi huo ulimfuata hata kaburini. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliuita uwanja mmoja kwa jina lake, na muda si mrefu jina hilo likaondolewa kwa sababu ya maneno yake juu ya utumwa. Wako waliosema ameonewa, kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa. Mimi nadhani yote mawili ni kweli, na jiko ndilo linaloyaonyesha. Pilau ya kasri, tunayoiita leo urithi wetu, ilitoka katika mikono ya watu waliokuwa wakiuzwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulitenguliwa kisheria mwaka 1897. Wapishi wale walitawanyika mjini na mashambani, wakaolewa, wakaoa, wakapikia watoto wao. Chakula tunacholilia kwamba chapotea, wao ndio waliokitoa kasri na kukitia katika vyungu vya watu wa kawaida, na kwa miaka mingi hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo nikisikia mzee analalamika juu ya tui la pakiti, namwelewa, kwa maana tui la pakiti si tui la nazi iliyokunwa sasa hivi, na ulimi haudanganyiki. Ila namtaka atutajie na aliyekuwa akimkunia.

Bibi Salme alirudi Unguja mwaka 1885, pamoja na manowari za Kijerumani, akitumaini haki yake ya mirathi. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, alikataa kumwona. Lakini watu wa mjini walimzonga njiani kumwamkia, wakubwa kwa wadogo, na akasikia tena Kiswahili kikisemwa pande zote. Alijaribu tena mwaka 1888, bila ya kufanikiwa. Baada ya hapo hakutaka kukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, na huko Sham akaishi mpaka mwaka 1914, kiasi cha miaka 25. Haikuwa Unguja, lakini palikuwa na bahari yenye joto, adhana, na wali na kahawa vinavyoandaliwa kwa namna aliyoifahamu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta amerudi kwa wanawe Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg katika kaburi la mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo, nao ukazikwa pamoja naye. Jumba la Mtoni sasa ni magofu. Kuta zimesimama ufukweni, na penye uani pameota majani.