Udet: Cheo Si Tuzo ya Ushujaa

Tarehe 17 Novemba, 1941, mjini Berlin, Jenerali Ernst Udet, mkuu wa zana za Jeshi la Anga la Ujerumani, alijipiga risasi akafa. Serikali ya Hitler haikuthubutu kuwaeleza wananchi ukweli huo. Ilitangaza kwamba jenerali amefariki alipokuwa akijaribu silaha mpya, ikamzika kwa heshima zote za taifa. Maisha ya mtu huyu yafaa yatazamwe na kila aliyekabidhiwa dhamana ya umma, ingawa alizaliwa mbali na visiwa vyetu na alitumikia utawala dhalimu.

Udet alizaliwa mjini Frankfurt tarehe 26 Aprili, 1896, akakulia Munich. Tangu utotoni hakupenda kitu kama ndege. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, jeshi lilimkataa mwanzoni kwa sababu ya ufupi wa kimo chake. Akapata nafasi ya kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Alijifunza urubani kwa fedha za nyumbani kwao, na mwaka 1915 akaingia katika kikosi cha ndege. Mara ya kwanza alipokabiliana na adui angani aliingiwa na khofu, mkono ukakataa kufyatua risasi. Aliishinda khofu hiyo. Kufikia mwisho wa vita, mwaka 1918, alikuwa amehesabiwa kuangusha ndege 62, na katika marubani wa Kijerumani aliyemzidi alikuwa Manfred von Richthofen peke yake, ambaye aliuawa vitani mwezi wa Aprili mwaka huo. Udet alitunukiwa nishani kubwa kabisa ya ushujaa akiwa na umri wa miaka 21. Miezi michache baadaye ndege yake ilipigwa, naye akawa miongoni mwa marubani wa mwanzo kabisa wa ndege za kivita kuokoka kwa mwavuli.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyima Ujerumani jeshi la anga. Udet akatafuta riziki kwa maonyesho, na maelfu ya watu walilipa ili wamwone akirusha ndege karibu na ardhi na kuokota kitambaa kwa ncha ya bawa. Aliigiza katika filamu, akawa kipenzi cha watu. Katika miaka ya 1930 na 1931 alifika hata huku Afrika ya Mashariki, akaruka juu ya mbuga za Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, ili kutengeneza filamu ya wanyama wetu.

Hapo ndipo angalibaki, pengine jina lake lingalikuwa la mchezaji hodari wa angani na basi. Lakini mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka, na Hermann Göring, aliyewahi kuwa rubani mwenzake wa vita, akamvuta. Udet aliingia katika chama chao mwaka huo huo, ingawa siasa haikuwa na nafasi kubwa moyoni mwake. Alichokitaka ni ndege. Alikuwa ameona Marekani ndege aina ya Curtiss Hawk ikijitosa wima kutoka juu, na serikali mpya ikamnunulia mbili. Hivyo ndivyo mtu asiyeamini neno lolote alivyotumikia waliokuwa na imani mbaya. Ndege za kujitosa alizozipigania ndizo zilizoshambulia miji ya Poland mwezi wa Septemba, 1939, na raia wasiokuwa na silaha wakafia majumbani mwao.

Mwaka 1936 alifanywa mkuu wa Ofisi ya Ufundi ya Wizara ya Anga, na mwaka 1939 akawa mkuu wa zana zote za jeshi hilo. Kazi hiyo ilitaka mtu wa hesabu, wa mipango ya viwanda, mwenye subira ya kusoma majalada na uwezo wa kumkatalia mwenye kiwanda. Udet alichoshwa na meza. Kwa mapenzi yake ya kujitosa, ndege kubwa za mabomu nazo zilitakiwa ziweze kujitosa. Aina ya Junkers 88 ikabidi iimarishwe, ikazidi uzito, ikapungua mwendo na kuchelewa. Ndege 1,000 za aina ya Messerschmitt 210 ziliagizwa kabla hata ya ile ya kwanza kurushwa; ziliporuka zilionekana kuwa za hatari.

Mwaka 1940 jeshi la anga la Ujerumani lilishindwa juu ya Uingereza, na mwaka uliofuata likatupwa katika vita dhidi ya Urusi wakati viwanda havikuweza kufidia ndege zilizopotea. Göring akamrundikia Udet lawama. Yeye akazama katika ulevi, hata ikafika siku ile ya Novemba.

Waswahili wamesema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mzamiaji hodari hakabidhiwi jahazi kwa sababu ya pumzi zake. Usukani hupewa aijuaye bahari, nyota na majira ya upepo. Göring alimpa rubani cheo cha mpangaji kwa sababu ya umaarufu na urafiki, na hilo ni kosa la mteuzi. Udet alikipokea hali akijua kwamba hakiwezi, na hilo ni kosa la mteuliwa. Maofisa waliomzunguka waliona majalada yakilala, wakanyamaza, nao hawana udhuru.

Cheo ni amana, na amana hurudishwa kwa ahali wake. Wapo miongoni mwetu watu waliolitendea taifa mema. Tuwaheshimu, tuwape nishani, tuwasimulie watoto wetu skulini. Lakini ofisi ya umma ina kazi yake, na wananchi wanaosubiri maji, dawa na meli hawanufaiki na sifa za jana za mkuu wa idara. Anayejijua kwamba kazi imemshinda, na aseme mapema, maana kusema hivyo ni ushujaa pia. Udet, aliyekuwa na ushujaa wote wa angani, aliukosa ushujaa huo mmoja.