JIGORO KANO: MNYONGE ALIYEFUNZA WATU KUANGUKA

Mnaonijua mnajua kwamba umbo langu ni dogo. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilinyang'anywa kiti na kalamu hata nikazoea. Nikawa natamani kujua karate, eti siku moja niwatandike wote. Karate sikuipata, lakini nilipata kitabu kilichoeleza juu ya Mjapani mmoja. Leo nataka niwasimulie maisha yake.

Jigoro Kano alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe, Japani. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, kisha baba yake akampeleka Tokyo kusoma. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini mwili wake ulikuwa kama njiti ya kiberiti. Alipoingia shule ya bweni, wakubwa wakamfanya ngoma, wakampiga wapendavyo. Ndipo alipoazimia kujifunza jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana ambayo humwezesha mnyonge kumwangusha pandikizi la mtu.

Haikuwa rahisi. Wakati huo Wajapani walikuwa mbioni kuiga mambo ya Ulaya, na jujutsu ilidharauliwa. Kano hakufa moyo. Mwaka 1877 alimpata mwalimu aliyeitwa Fukuda Hachinosuke. Hapo palikuwa na mwanafunzi mmoja, bonge la mtu, ambaye Kano alishindwa kabisa kumwangusha. Je, alikaa akalia? La hasha! Alikwenda maktaba, akasoma juu ya mieleka ya Ulaya, akapata mbinu ya kumbeba mtu mabegani. Walipokutana tena, bonge lile likajikuta chini, pu!

Hapo nikaanza kufungua kurasa upesi upesi, nikitafuta siku ambayo Kano atawarudia wale waliomwonea. Wapi! Badala ya kisasi, mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ilikuwa na mikeka 12 na wanafunzi 9 tu. Mchezo wake akauita judo, yaani njia ya upole. Mbinu za hatari aliziondoa katika mapambano ya mazoezi. Kumbe katika judo mtu hufunzwa kwanza kuanguka bila kuumia, ndipo afunzwe kumwangusha mwenzake. Tena mwenzako ni amana yako, maana ukimvunja mkono leo, kesho utafanya mazoezi na nani? Kano alisisitiza mambo mawili: kutumia vizuri nguvu za mwili na za akili, na kufaidiana mtu na mwenziwe.

Alikuwa mwalimu hasa. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha kufunza walimu mjini Tokyo. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1938 alifika hata Afrika, kwenye mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo. Akiwa njiani kurejea kwao, tarehe 4 Mei, aliaga dunia melini, umri wake miaka 77. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964, papo hapo Tokyo, lakini yeye hakuiona siku hiyo.

Kwa nini nawasimulia haya? Sasa mimi niko kidato cha tatu. Muhula uliopita kiti changu kilivunjika. Nikaenda kidato cha kwanza, nikamwinua kijana mmoja, nikachukua chake. Hakusema kitu, alisimama tu. Nilipokikalia nikamkumbuka Kano, kiti kikawa kama kina miiba. Nilikirudisha kabla ya kengele ya mchana. Yule kijana aliniangalia kwa woga, akidhani ni mtego. Wenzangu walinicheka sana.

Judo siijui hata chembe. Lakini siku hiyo nilianguka mbele ya wenzangu na sikuumia. Basi sisi wa vidato vya juu tukumbuke tulikotoka, kwani aliye juu mngoje chini.