Muindi Mbingu: Mtetezi wa Mifugo na Ardhi ya Ukambani

Wapita njia katikati ya jiji la Nairobi hulitaja jina la Muindi Mbingu kila siku, kwani limepewa barabara ipitayo kando ya soko kuu la jiji. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu kuwa mwenye jina hilo aliwahi kuwaongoza maelfu ya Wakamba kuingia katika jiji hilo kwa miguu.

Samuel Muindi Mbingu alitoka Machakos, wilaya ambayo katika miaka ya 1930 ilikuwa imeharibiwa vibaya na mmomonyoko wa udongo. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba chanzo cha maafa hayo ni wingi wa mifugo. Wakamba nao walikuwa na hoja yao: malisho yao ya zamani yalikuwa yametwaliwa na walowezi, na mifugo ikabaki imesongamana katika eneo dogo.

Mwaka wa 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza mnadani kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na wananchi hawakukosa kuona uhusiano wa mambo hayo mawili. Kwa Mkamba, ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari, akiba ya wakati wa ukame na heshima ya boma.

Hapo ndipo Muindi Mbingu alipojitokeza kuwa kiongozi wa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai 1938, wanaume, wanawake na watoto walitembea zaidi ya kilomita 60 hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Hawakuchukua silaha. Walisaidiwa na Kikuyu Central Association pamoja na mwanasiasa wa asili ya Kihindi, Isher Dass. Hivyo kilio cha wilaya moja kikawa cha nchi nzima.

Serikali ilimkamata Muindi na kumhamishia Lamu, mbali na watu wake. Lakini haikuweza kupuuza kwamba Wakamba walikuwa nguzo ya jeshi na polisi wake, na kabla ya mwaka kwisha iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Kiongozi alibaki uhamishoni ilhali madai yake yalikuwa yamekubaliwa. Aliachiliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Miaka iliyofuata ilithibitisha hoja ya watu wake. Wakulima wa Machakos walichimba matuta, wakapanda miti na kuurejesha udongo, japo idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa. Ardhi haikuponywa na mnada. Iliponywa na wenyewe walioishi juu yake. Muindi Mbingu basi hakupigania ng'ombe peke yao, bali haki ya mwananchi kushauriwa kabla ya mali yake kuguswa.