Profesa Ishikawa na Mfupa wa Samaki

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa, mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyenifunza jambo katika kazi. Najua wengi mlitarajia nimtaje kiongozi wa hapa nchini. Mimi nimemchagua Mjapani mmoja, ambaye nisingemjua kama si kosa nililolifanya kiwandani. Kosa hilo nitalieleza mbele kidogo.

Kaoru Ishikawa alizaliwa Tokyo mwaka 1915, mkubwa wa watoto wanane wa kiume. Mwaka 1937 alihitimu masomo ya kemia ya viwandani katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akawa ofisa wa ufundi katika jeshi la majini, kisha akafanya kazi katika kampuni ya mafuta. Mwaka 1947 alirudi chuoni kufundisha. Huko majaribio yake ya maabara yakamtia mashakani, kwa maana leo yalitoa jibu hili na kesho jingine, asijue lipi la kuaminiwa. Kutafuta dawa ya jambo hilo ndiko kulikomwingiza katika elimu ya takwimu, na mwaka 1949 akajiunga na kikundi cha utafiti wa ubora cha Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani.

Nchi yake ilikuwa imetoka vitani hohehahe, na bidhaa zake zilisifika kwa ubovu. Mwaka 1950 mtaalamu wa Kimarekani, W. Edwards Deming, alikwenda huko kufundisha, na baba yake Kaoru, mzee Ichiro, ambaye aliongoza shirikisho kubwa la wenye viwanda, ndiye aliyewakusanya wakuu wa makampuni wamsikilize. Watu wengi humpa Deming sifa yote. Kwa maoni yangu hiyo si haki. Deming alisema na wakubwa na wahandisi. Ishikawa ndiye aliyeishusha elimu ile mpaka kwa msimamizi wa zamu na mtu wa mashine.

Chombo chake kinachojulikana zaidi ni mchoro aliouanza mwaka 1943, alipokuwa akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyochangamana kuleta tokeo moja. Unachora mstari mmoja kama uti wa mgongo. Kichwani unaandika tatizo. Kisha unatoa miiba pande zote mbili: mashine, malighafi, njia ya kazi, watu, vipimo, hali ya mahali. Juu ya kila mwiba unaandika kila kinachoweza kuwa chanzo, ndipo unakwenda kupima kimoja kimoja. Ukitazama unaona mfupa wa samaki, na ndivyo unavyoitwa hadi leo.

Sasa nieleze kosa langu. Miaka ya themanini nilikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Wakati wa masika mishono ilianza kufumuka, mizigo ikarudishwa, wakubwa wakataka jina la mtu. Nikawapa. Alikuwa fundi cherehani wa makamo, mtu wa watoto watano, na barua ya kumwachisha kazi niliiandika kwa mkono wangu. Mwaka 1987 nilipelekwa mafunzo ya wiki mbili, na mwalimu akachora ubaoni mfupa ule wa Ishikawa. Niliporudi niliujaza kwa tatizo letu la mishono. Nilipofika kwenye mwiba wa malighafi nikaenda stoo. Paa lilikuwa likivuja juu ya rafu za uzi. Uzi ulikuwa umeota ukungu, ukikatika kwa kuvutwa na vidole viwili. Mafundi wote walikuwa wakilijua jambo hilo tangu mwanzo. Hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo nilipoanza kumsoma Ishikawa kwa dhati. Mwaka 1962 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha jarida lililoandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa chini, kwa lugha ya kawaida, na kupitia jarida hilo vikundi vya ubora vikaenea Japani nzima. Wafanyakazi wachache wa sehemu moja hukaa pamoja, wakachagua tatizo lao, wakalipima na kulitafutia dawa. Alisisitiza kwamba watu waingie kwa hiari. Aliamini pia kwamba matatizo 95 katika kila 100 ya kiwandani hutatulika kwa zana saba nyepesi, kama karatasi ya kuhesabia makosa, grafu na mchoro wake huo. Si jambo dogo kwa profesa kukiri hivyo!

Nikisoma hayo nilikuwa nikiikumbuka milima yetu. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini matuta yale mahali pengi yalifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mama yangu alichimba, na mahindi yakatoka manjano. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Mwanamke mwenye jembe angeweza kuwaambia wale mabwana shamba udongo wake una kina gani kabla ya futi moja kuchimbwa.

Ishikawa alifundisha vilevile kwamba anayepokea kazi yako ndiye mteja wako. Chukueni kabichi za Mgeta. Mvunaji anamhudumia mbebaji, mbebaji anamhudumia mwenye gari, naye anamhudumia mama wa sokoni Morogoro. Kabichi ikifika imepondeka, mwenye gari atamlaumu mbebaji na mbebaji mvunaji. Wakikaa pamoja asubuhi moja watagundua labda ni tenga lenyewe.

Mwaka 1978 alikuwa mkuu wa Chuo cha Teknolojia cha Musashi, kazi aliyoishika mpaka alipofariki Aprili 1989. Mwaka 1993 chama cha ubora cha Marekani kilianzisha nishani yenye jina lake. Hapa kwetu mafunzo ya namna hiyo yaliingia hospitalini mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mwanzo, na mwaka 2013 yakaanza viwandani kwa msaada wa Wajapani. Mimi nilikuwa nimekwisha staafu.

Yule fundi nilimtafuta baada ya kuliona paa lile. Nilimkuta Kilosa, akishona sare za shule barazani kwa mtu. Nilimweleza habari ya uzi. Akanyamaza kitambo, kisha akanijibu kwamba habari ya uzi alikuwa anaijua. Barua ya kumrudisha kazini niliipeleka kwa wakubwa mara mbili. Haikujibiwa.