Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtumishi wa Mboga



Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Aliwahi kuwa askari. Mwaka 1895 alibatizwa, na mwaka uliofuata akaenda kuhubiri Mboga, katika Kongo ya leo.

Huko alipata majaribu. Dada yake mtawala Tabaro aliangukia mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa kifo hicho. Alifungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro. Mle gizani, katika huzuni yake, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo.

Alipoachiliwa hakutafuta kisasi. Alirudi Mboga kwa watu wale wale. Furaha yake ilikuwa kumwona Tabaro mwenyewe akiamini na kubatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903 na ukanoni mwaka 1922, lakini heshima hizo hazikumtoa kijijini. Katika uzee wake aliingia msituni kuwahubiria Wambuti, ambao wengi waliwadharau. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha.

Nasi hapa Maretadu tunasingiziwa na majirani, tunafiwa, tena tunavuna na kufurahi. Je, yuko mtu aliyetukosea ambaye hatujarudi kwake? Tumwombe Mungu atupe unyenyekevu wa kumwendea. Amina.