Caroline Thackeray

Caroline Thackeray (alifariki Januari 1926) alikuwa mwalimu na mmisionari Mwingereza aliyejitolea kulea na kusomesha watoto waliookolewa utumwani kisiwani Unguja. Alifika Zanzibar mwaka 1877 na kwa takriban miaka 25 aliongoza Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Maria huko Mbweni, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe. Alikuwa binamu wa mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray.

Misheni na watoto wa majahazini

Thackeray alikuja chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa baada ya hotuba za David Livingstone nchini Uingereza mwaka 1857. Misheni hiyo haikulipa mishahara. Watumishi wake walipewa makazi, chakula na posho ndogo, nao walitakiwa kuishi bila kuoa wala kuolewa muda wote wa utumishi wao. Thackeray, ambaye alikuwa na mali yake mwenyewe, alijigharamia na tena akatumia sehemu ya fedha zake kwa mahitaji ya shule.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Uingereza. Biashara yenyewe haikukoma siku ile. Kuanzia 1874 meli ya kivita HMS London ilitia nanga bandarini, na mashua zake zilikuwa zikifukuza majahazi yaliyobeba watumwa kwa siri. Watu wazima na watoto waliokamatwa humo waligawiwa kwa misheni mbalimbali: UMCA kisiwani Unguja, mapadre Wakatoliki wa Bagamoyo, na Freretown karibu na Mombasa.

Wengi wa watoto hao walitoka mbali bara, kwa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Kwa kawaida hawakuweza kurudishwa kwao. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo hakuweza kueleza kijiji chake kilipo. Na hata alipokikumbuka, njia ya kwenda huko ilipita mikononi mwa wafanyabiashara walewale. Hivyo hata mtoto ambaye wazazi wake huenda walikuwa hai alikuwa yatima kwa hali halisi. Katika misheni waliitwa mateka, jina ambalo baadhi yao walibaki nalo hata walipokuwa watu wazima.

Shule ya Mbweni

Misheni ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Watu wazima walioachwa huru walipewa viwanja vya kujenga na kulima, na wasichana wakawekwa katika shule ya bweni kando ya bahari. Thackeray alipokabidhiwa shule hiyo alikuta watoto wenye lugha tofauti, ambao wengine hawakuelewana hata wao kwa wao.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, alipinga kuwafanya Waafrika kuwa Wazungu, na alitaka wafundishwe kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo Kiingereza kilikuwa na nafasi ndogo kuliko ilivyozoeleka katika shule nyingi za wageni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelazimika kujifunza lugha kwanza.

Wasichana walisoma, waliandika, walihesabu na kushona. Walioonekana wepesi wa masomo waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono, ambako walifua, walipika na kusuka ukili. Mgawanyo huo ulikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa uamuzi wa walimu juu ya msichana mdogo uliamua karibu maisha yake yote. Ndoa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Msichana asiye na baba wala mjomba wa kupokea posa alikuwa chini ya misheni, nayo ilitaka aolewe na Mkristo. Si wote waliokubali malezi hayo.

Hata hivyo, shule hiyo ilitoa walimu wa kwanza wa kike wa UMCA, na wake wa walimu na makasisi Waafrika wa misheni hiyo. Baadhi walikwenda kufanya kazi bara, katika vituo kama Magila huko Bonde na Masasi upande wa kusini, ambako Steere alikuwa amepeleka kundi la watu walioachwa huru mwaka 1876. Kwa wachache ilikuwa kurudi karibu na nchi walikotekwa, lakini sasa wakiwa wageni wenye lugha ya pwani.

Miaka ya mwisho

Konsuli wa Uingereza John Kirk alipoondoka Zanzibar, nyumba yake ya Mbweni, iliyokuwa na bustani ya mimea aliyoikusanya, ilipita mikononi mwa Thackeray. Aliacha uongozi wa shule mwaka 1902. Wamisionari wengi wa rika lake walikuwa wamekufa kwa homa au wamerudi kwao, lakini yeye alibaki Mbweni, jirani na wanafunzi wake wa zamani ambao sasa walikuwa na wajukuu.

Alifariki huko akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, karibu nusu karne tangu alipofika. Alizikwa katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohane, Mbweni. Majengo ya shule yake ni magofu sasa, na yamo ndani ya eneo la hoteli ya ufukweni.